Amechangamka, Amevaa Miwani, Amezima: Kuyasoma Maneno ya Ulevi

Kwenye harusi moja Arusha nilikaa meza moja na rafiki yangu wa Nairobi, aliyepanda basi siku moja kabla ili ajionee harusi ya Bongo inavyokwenda. Hatujamaliza pilau, mjomba wa bibi harusi akafika mezani kukagua wageni, kama wenyeji wafanyavyo. Akamwinamia mwenzangu.

"Shemeji, unatumia?"

"Natumia nini?"

Meza nzima ikacheka. Nikamnong'oneza kwamba anaulizwa kama anakunywa pombe. Uso wake ukalegea. Nadhani alishaanza kufikiria mambo mazito zaidi. Akajibu kwa adabu zake zote: "Hapana mzee, mimi silewi."

Mjomba akanyooka, akampiga bega, akamgeukia mhudumu. "Huyu mwongezee. Anasema halewi!" Hazikupita dakika tano, chupa nne zikawa zimepangwa mbele ya mtu ambaye hajawahi kuonja bia maishani mwake: mbili za moto, mbili za baridi.

Hakuna aliyekosea Kiswahili pale. Nairobi, kulewa ni jambo ambalo watu huenda kulifanya Ijumaa jioni. "Twende tulewe" ni "twende tukanywe", kwa hiyo "silewi" ni "sinywi". Kwetu, kulewa ni jambo linalokupata baada ya kunywa, tena mara nyingi bila ridhaa yako. Anayesema "silewi" anajigamba: leteni kreti, mtaniacha nimekaa hapa hapa.

Tangu siku ile nayasikiliza maneno haya kwa sikio jingine. Watu huyachukua kama orodha ya visawe: kulewa, kuwa tungi, kuwa bwii, kuwa maji, chagua ulipendalo. Mimi sikubali kwamba ni visawe. Machache sana kati yake yanakueleza mtu amekunywa kiasi gani. Mengi yanakueleza anayesema amesimama wapi: ni mnywaji mwenzake, ni mke wake, ni askari wa barabarani, au ni jirani anayetafuta la kusimulia kesho.

Usiku huo huo nilipata ushahidi. Kufika saa nne mjomba mwenyewe alikuwa katikati ya ukumbi, koti kalitupia begani, anamzungusha bibi mmoja ambaye kwa jinsi alivyokuwa akitazama kando hakuomba kuzungushwa. Shangazi aliyekaa karibu nasi akasema, "Mjomba wenu leo amechangamka." Mkewe alipoulizwa kama mzee yuko sawa, akajibu haraka: "Amechoka tu, tangu juzi hajalala." Mshehereshaji akapaza sauti kwenye kipaza: "Mzee wetu yuko vizuri!" Na vijana wawili waliokuwa wakibeba kreti tupu kuelekea nyuma wakapishana na meza yetu, mmoja akimwambia mwenzake, "Mzee kalewa bwii." Mtu mmoja, dakika hizo hizo tano, maneno manne. Kiasi cha pombe tumboni mwake hakikubadilika. Alibadilika msemaji tu.

Kitenzi kisicho na mtenda

Tuanze na kulewa lenyewe, maana ndilo mama wa yote na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Kisarufi ni kitenzi cha ajabu kidogo. Anayelewa ndiye kiima cha sentensi, lakini hafanyi kitu, anafanyiwa. Pombe ndiyo inayomlevya. Ndiyo maana Kiswahili sanifu hupenda kukitumia na -me-, ile ya hali iliyokwisha kutokea na bado ipo: amelewa, walikuwa wamelewa. Ukisema "analewa" umeshafungua mlango wa tafsiri mbili: pombe inaanza kumpanda sasa hivi, au ndiyo tabia yake. Huko Kenya maana ya tabia imeshinda, ikazaa na ile ya kwenda kulewa kwa makusudi. Hapo ndipo mwenzangu alipoponzwa.

Neno lenyewe halikuzaliwa baa. Liweke karibu na kulewalewa, yaani kuyumbayumba, kama chombo kinavyofanya kwenye mawimbi. Abiria wa boti anaweza kulewa bahari na hajagusa kitu. Mtu hulewa usingizi, hulewa sifa, hulewa madaraka, hulewa mapenzi. Chochote kinachomtoa mtu kwenye usawa wake kinamlevya, na ndiyo sababu tunasema dawa za kulevya kwa vitu ambavyo si vinywaji kabisa. Mamlaka ya serikali ya Tanzania inayopambana na heroini na bangi imebeba kitenzi hiki hiki katika jina lake.

Kuna mtoto mmoja wa familia hii anayenisikitisha kwa kusahaulika: kulevuka. Kama kufunga kulivyo na kufungua, na kuziba kulivyo na kuzibua, kulewa kuna kulevuka, yaani ulevi kumtoka mtu. Neno moja, safi, limo kwenye kamusi. Lakini lini umelisikia mdomoni mwa mtu? Tunasema "pombe imemtoka", "akili zimemrudi", au tunakwenda kuazima kwa Kiingereza: niko soba. Nyumba za kuwasaidia waraibu zimeenea kwa jina la soba hausi, Zanzibar na bara, na hakuna aliyefikiria kuziita nyumba za kulevukia. Maneno ya kuingilia kwenye ulevi tunayo ya kumwaga. La kutokea tulikuwa nalo moja, tukaliacha kabatini.

Waswahili wa zamani walikuwa pia na sakarani, lililotoka kwenye Kiarabu, kwa maana ya mlevi au mtu aliyepandwa na wazimu. Mzizi wake bado tunao misibani, tunapotaja sakarati ya mauti, ile hali ya mtu kupotewa na fahamu roho ikitoka. Neno hilo limeacha alama hata kwenye ramani. Tom von Prince, ofisa wa jeshi la Wajerumani aliyeshiriki kuivamia Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mwaka 1894, alibandikwa jina la Bwana Sakarani. Kilichomlevya kilikuwa vita: aliingia mapiganoni kama mtu asiye na akili zake. Baadaye akawa na shamba milima ya Usambara, na aliuawa kwenye mapigano ya Tanga Novemba 1914. Mahali panapoitwa Sakharani pako huko huko Usambara hadi leo, watawa wa Kibenediktini wana mashamba yao hapo, na miongoni mwa wanavyozalisha ni divai. Jina limerudi lilikotoka, kwa njia ndefu.

Maji, mtindi, mtungi

Ukiacha kulewa, mbinu kubwa ya Kiswahili cha mtaani ni kutoitaja pombe. Unachukua kitenzi kinachobeba kila kitu, hasa piga, kata au gonga, halafu unakipa kitu kisicho na hatia. Kupiga maji. Kukata maji. Kupiga mtungi. Kugonga vyombo. Piga ni kitenzi cha vibarua vyote: unapiga simu, unapiga pasi, unapiga mswaki, unapiga picha. Kwa kuwa hakina maana yake nzito, kinakubali mzigo wowote, na msikilizaji hujazia mwenyewe kwa kumtazama msemwa anavyotembea.

Kongwe kati ya haya ni kupiga mtindi. Vitabu vya nahau vya shuleni vinalo, na wazee bado wanalitumia kwa kicheko. Mtindi ni maziwa yaliyoganda, kinywaji cha heshima ambacho unamkaribisha nacho hata shehe. Kuchukua kitu kitakatifu kiasi hicho na kukifanya pazia la pombe ni utani ambao ungemfurahisha yeyote aliyeugundua. Maji nayo ni pazia la namna hiyo hiyo, isipokuwa kwamba yameleta utata wa kila siku. Nikikuambia jirani zangu wamekata maji, hujui kama uwape pole kwa bili au uwatafutie usafiri wa kurudi nyumbani.

Mtungi ni chombo cha maji ya kunywa cha nyumba yoyote ya zamani, na pombe ya kienyeji pia imekaa mtungini vizazi vingi, kwa hiyo hapa pazia ni jembamba zaidi. Dar es Salaam neno hili limepiga hatua moja mbele: m- imeanguka na limebaki tungi, kisha likaacha kuwa kinywaji na kuwa hali. "Yuko tungi" ni amelewa. Kenya maji yamepitia njia ile ile: "ako maji" hakuna anayeelewa kwamba mtu ameloa. Mwanzo chombo kinasimama badala ya kinywaji, kisha kinywaji kinasimama badala ya mnywaji. Mtu anageuka kuwa kile alichokunywa.

Yako mengine ya kutaja kinywaji chenyewe bila kukitaja. Ulabu na gambe ni ya Tanzania, na ukiyatumia mbele ya wazazi wa mchumba umejieleza zaidi ya ulivyokusudia. Masanga ni neno la Kilingala la kinywaji cha kulevya. Sioni mlango mwingine lililopitia ulio karibu kuliko muziki, maana miaka ya 1970 na 1980 Dar es Salaam ilijaa wanamuziki waliotoka Zaire, na kumbi zao zilikuwa kumbi za bia. Kilauri ni la waandishi wa magazeti na watu wa umri fulani: "alikuwa akipata kilauri" ni sentensi inayovaa tai. Na lipo lile tamu la "moja moto moja baridi", ambalo mtu wa nje hawezi kulielewa mpaka akae baa ya Tanzania na kuulizwa na mhudumu kama bia yake iwe ya moto au ya baridi, yaani iliyotoka kretini au iliyotoka kwenye friji. Wapo wanaozichanganya, na wanakunywa taratibu, na wanaongea. Ukisema mtu yuko mahali anapata moja moto moja baridi, umesema kwamba ametulia na hana ugomvi na mtu. Huwezi kulitumia kwa mtu aliyeanguka mtaroni.

Pombe, neno lenyewe, ndilo tunalolikwepa kwa juhudi zote hizi, na huku lenyewe limetembea mbali kuliko yote. Mwaka 1893 mwanasayansi wa Kijerumani, Paul Lindner, alichunguza chachu iliyotoka kwenye bia ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaipa jina la kisayansi linaloishia na neno letu: Schizosaccharomyces pombe. Chachu hiyo ikawa chombo kikubwa cha kuchunguzia jinsi seli zinavyogawanyika, na Paul Nurse, aliyejenga utafiti wake juu yake, alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2001. Maabara za dunia nzima wanasema pombe asubuhi saa mbili, mbele ya wakubwa zao, bila kunong'ona.

Chakari hana ndugu

Sasa tuje kwenye nyongeza za kulewa, maana hapo ndipo lugha inapoonyesha uwezo wake. Kulewa chakari. Kulewa tilalila. Kulewa bwii. Kenya wanafunzi hukariri pia kulewa chopi kwa ajili ya mtihani. Hivi ni viigizi, vya ukoo mmoja na tititi ya weusi, pepepe ya weupe na ji ya ukimya. Havielezi kwa maana bali kwa sauti, na kila kimoja kimefunga ndoa na neno lake. Chakari kiko na kulewa, hakiendi kwingine kwa starehe.

Lakini si sawa kwa uzito wala kwa mahali. Chakari ni la kuandika. Ndilo la habari za mahakamani na za polisi: mtuhumiwa alikuwa amelewa chakari. Ni neno la mtu aliyesimama mbali, ametazama, ameamua. Tilalila lina mchezo ndani yake, ukilitamka taratibu unaona miguu ikikosa kupatana; hulisikia kwa msimuliaji anayetaka watu wacheke. Bwii ni la mdomoni kabisa, na urefu wa ile i ndio kipimo. Bwi fupi ni mtu anayehitaji kuketi. Bwiiii, mkono ukishuka polepole kama pazia, ni mtu wa kubebwa. Jaribu kuliandika kwenye ripoti ya polisi uone.

Angalia pia kitu kidogo walichokifanya wale vijana wa kreti. Hawakusema "amelewa bwii". Walisema "kalewa". Hiyo ka- badala ya ame- ndiyo inayoibeba lugha ya kijiweni Tanzania: kalewa, kazima, kapiga vitu vyake. Ukiweka "amelewa" na bwii kwenye sentensi moja inasikika kama mtu aliyevaa suti na kandambili. Kinyume chake, "kalewa chakari" linapita, ila chakari linapoteza nusu ya ukali wake.

Katika nahau za darasani iko moja ambayo naipenda na kuionea huruma: kuvaa miwani. Kila aliyesoma Kiswahili shule ya msingi aliwahi kujibu swali kwamba "amevaa miwani" maana yake ni "amelewa". Ni picha nzuri; mlevi anaiona dunia kupitia kioo ambacho sisi wengine hatukivai, kuta zimepinda kwake peke yake. Lakini ni nahau ya wakati ambapo miwani ilikuwa kitu cha mtu mmoja mmoja. Leo nusu ya ofisi imevaa miwani kwa sababu ya kompyuta, na ukisema bosi amevaa miwani watu watasubiri uendelee. Imebaki kwenye mtihani, kama mnyama aliyebaki kwenye hifadhi.

Stimu, waka, na mpaka wa Namanga

Sheng ya Nairobi imechukua njia ya moto na umeme. Mtu anawaka: "nimewaka" ni pombe imeshapanda. Sema neno hilo hilo Mwanza na utaulizwa nani kakuudhi, kwani kwetu anayewaka amekasirika. Tei ni pombe na ulevi kwa pamoja, na Mtanzania anayelisikia mara ya kwanza hukimbilia teja, ambalo ni jambo jingine na zito zaidi: teja ni mraibu wa unga. Herufi mbili tu zinakutoa kwenye bia na kukupeleka kwenye heroini.

Stimu ndilo neno lililounganisha pande zote mbili za mpaka, na historia yake iko wazi. Ni steam ya Kiingereza, yaani mvuke, ule wa injini. Mvuke huo huo uliwapa Wakenya stima, ambao leo ni umeme wa nyumbani. Stimu likabaki na nguvu ile inayopanda ndani ya mtambo mpaka mtambo uanze kwenda, na mwili wa mnywaji ukawa mtambo. Stimu zinapanda, zinakolea, zinakata. Kumkata mtu stimu ni kumwambia habari ya mkopo wa benki wakati muziki umefika patamu. Neno limefaulu sana mpaka limeihama pombe: mtoto wa miaka kumi atakuambia umemkatia stimu kwa sababu umezima televisheni, na hana hatia yoyote.

Sheria nayo huongeza maneno bila kukusudia. Kenya ilipopitisha sheria ya kudhibiti vileo mwaka 2010, iliyohalalisha chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kwa masharti na kubana saa za baa kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, watu waliipa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, John Mututho. Ikawa "Mututho" ni saa, ni polisi, ni kitasa cha baa, vyote kwa pamoja. Miaka mitatu baadaye kipimo cha pumzi kikaingia barabarani, na kitenzi cha kawaida kabisa, kupuliza, kikapata maana ambayo dereva hapendi kuisikia usiku.

Lugha ya serikali, kwa kweli, ndiyo pekee inayojaribu kupima pombe yenyewe. Askari wa barabarani Tanzania hasemi tungi wala bwii. Anasema kilevi, na nyuma ya neno hilo, kwa dereva wa kawaida, kuna namba: miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Chini ya hapo kipimo hakikuiti mlevi hata kama umemkumbatia trafiki. Juu ya hapo ni mlevi hata kama umenyooka kama mlingoti. Mtaa haukubali kipimo hicho hata kidogo. Mtaani ulevi ni tabia inayoonekana, na aliyekunywa nane akaenda zake nyumbani kimya "hajalewa", huku aliyekunywa mbili akaanza kulia habari za baba yake aliyefariki, huyo ndiye habari ya mjini.

Mnywaji si mlevi

Kuna jina moja ambalo hakuna anayejipa: mlevi. Uliza kikao chochote cha watu wenye glasi mkononi. Wote ni wanywaji. Mlevi ni yule wa meza ya pili. Mnywaji anamiliki pombe, mlevi anamilikiwa nayo, na mstari kati yao huchorwa kila mara na anayezungumza, mguu mmoja mbele ya pale aliposimama mwenyewe. Chapombe ndiye aliyevuka mstari hadharani na hana pa kurudi; ni jina analobandikwa mtu na mtaa mzima, na hulitumii kwa mtu unayemhitaji kesho. Nimeona pia kwamba mwanamume huvumiliwa muda mrefu kwenye "kuchangamka" kabla ya kuitwa mlevi. Mwanamke huvushwa hatua hiyo kwa glasi moja, na wanaomvusha mara nyingi wana glasi mkononi.

Ndiyo maana tatizo la tafsiri lilimpata rafiki yangu kwenye kitenzi "tumia". Unatumia, hatumii, aliacha kutumia. Ni neno la heshima kuliko yote, kwa sababu halina kinywaji wala hali ndani yake. Shemeji anaweza kumuuliza shemeji, mchungaji anaweza kumuuliza muumini, daktari anaweza kumuuliza mgonjwa. Linauliza bila kunyoosha kidole. Ubaya wake ni kwamba asiye wa kwetu anabaki akitafuta kidole kiko wapi.

Mwisho wa ngazi kuna kuzima. Kazima, amezimika, Nairobi watasema amepata blakauti. Hapa utani uende polepole. Taa inayozima tunajua itawashwa, na ndiyo matumaini yaliyomo kwenye neno hili. Lakini Novemba 2000 pombe iliyotiwa methanoli, ile iliyojulikana kwa bei yake ya shilingi kumi kama kumi kumi, iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya maskini Nairobi na kuwapofusha wengine. Kwa nje, mtu aliyezima kwa bia nyingi na mtu anayekufa kwa methanoli wanafanana sana. Asiyeamka ukimtikisa, anayepumua kwa vipindi, aliyepoa mwili, huyo msimsemee kwamba kazima mkaendelea na muziki. Mlazeni ubavu na mtafute gari.

Kwa mjomba haikufika huko. Alizima kidogo tu, kwenye kiti, koti likiwa shuka.

Asubuhi saa nne tulimkuta kibandani karibu na stendi, mbele ya bakuli la supu na bia moja ya baridi. "Karibuni," akasema, "nazimua." Neno zuri kuliko yote niliyoyataja, na la jikoni kabisa: kuzimua ni kutia maji baridi kwenye ya moto ili yasikuunguze. Mwenzangu akatoa macho. "Kwetu hiyo inaitwa kutoa loki."

"Kufuli la nini tena, shemeji?"

Akaeleza: kichwa kimefungwa, unakifungua kwa kile kile kilichokifunga. Mjomba akatafuna kipande cha utumbo, akalipima wazo hilo, akalikubali. Kisha akamtazama vizuri, kama mtu anayeikumbuka jana vipande vipande.

"Ila wewe hukuonyesha dalili yoyote. Kweli hulewi."

"Mzee, mimi sinywi kabisa."

"Hunywi?"

"Sijawahi."

Mjomba akaweka kijiko chini. "Sasa zile bia nne zilikwenda wapi?"

Mimi nilikuwa nakamulia ndimu kwenye supu yangu.